Mdogo wangu aliunguzwa na Septrin, je, nimeze SP ya kliniki?

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, alipewa Septrin ya kuhara. Siku ya nane akatoka malengelenge mdomoni, macho yakawa mekundu, ngozi ikabanduka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Alilazwa mwezi mzima. Bibi anasema ni mkono wa mtu. Nami nina mimba ya miezi mitano, wiki ijayo nitapewa kliniki SP, vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, na nasikia navyo vina salfa kama Septrin. Naogopa.
Mama kijacho, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Nimekaa dirisha la dawa hapa Dodoma miaka 26, wagonjwa wa namna hii nimewaona wanne, na mara zote nyumbani walishaanza kumtafuta mchawi. Mwambie bibi kwa upole: hakuna aliyemroga. Ugonjwa huu unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922.

Seli zetu zina vibao vidogo kwa nje, wataalamu wanaviita HLA. Askari wa mwili hupita wakivikagua, kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Umbo la vibao tunarithi. Kuna umbo ambalo dawa fulani hunasa juu yake, askari wakadhani seli imevamiwa, wakaishambulia ngozi ya mwenyewe. Huko Taiwan, mwaka 2004, watafiti walipima wagonjwa 44 waliounguzwa hivi na kabamazepini, dawa ya kifafa: wote 44 walikuwa na kibao kiitwacho HLA-B*15:02. Kati ya watu 101 walioimeza bila shida, 3 nao walikuwa nacho. Hao watatu nawakumbuka kila ninapoulizwa swali kama lako, maana walikuwa na kibao na hawakuungua.

Wewe na mdogo wako, kila mmoja amerithi seti moja ya vibao kwa baba na moja kwa mama. Nafasi ya kufanana naye seti zote mbili ni 1 kati ya 4. Ya kutofanana hata moja, vilevile 1 kati ya 4. Kwa salfa, kliniki zetu hazina kipimo cha damu cha kuonyesha kama nawe uko hatarini. Kwa hiyo nakuuliza: umewahi kumeza SP au Septrin? Kama ulimeza ukawa salama, hiyo ni habari njema. Muulize mama yako, utotoni je?

Tafadhali usivifiche vidonge shavuni ukavitemee nje. Nimewaona wanaofanya hivyo, na malaria ya mimba humaliza damu ya mama na kumfanya azae mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Mweleze muuguzi kabla ya kumeza, umwombe daktari aamue. Ukimeza, kisha ndani ya wiki chache upate homa na vidonda mdomoni au vipele, usirudie dozi. Kimbia hospitali.

Mdogo wako asiguse Septrin wala SP maisha yake yote. Andikeni kwa wino mwekundu juu ya daftari lake la matibabu. Na kama alipolazwa hakuna aliyejaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ya kuripoti madhara ya dawa, nenda naye kwa mfamasia aijaze, hata sasa.