Uliza Elektroni Iko Wapi

Juzi nilipokea ujumbe wa msichana wa kidato cha tatu huko Nakuru, kuhusu bondi za kemia, yaani namna atomi zinavyoshikana: "Mwalimu, nimekariri bondi zote, lakini swali likigeuzwa kidogo tu napotea." Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Nilisomea Kisumu. Kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne tuliulizwa: kwa nini grafaiti hupitisha umeme na almasi haipitishi, ilhali zote ni kaboni tupu? Niliandika maana ya bondi ya kovalenti neno kwa neno, kama ilivyokuwa daftarini. Sifuri. Mwalimu aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa, akasema kemia si ya watu kama mimi, niende soko la Kibuye nikamsaidie mama kuuza omena. Darasa zima likacheka. Mpaka leo kifua hunibana, kwa sababu karo yangu ilitoka kwenye omena hiyo hiyo.

Likizo ya Agosti nikaenda Kibuye kweli. Jirani na meza ya mama walikuwapo mafundi wa jua kali wakifua bati la aluminiamu liwe sufuria. Nyundo inashuka, bati linabonyea, linapinda, halipasuki. Siku moja nikaomba nyundo nikagonga bonge la chumvi ya mawe. Pigo moja, likapasuka, vipande vingine vina kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu.

Usiku nikafungua daftari na swali moja tu: elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji hasi ndani ya atomi, iko wapi? Chumvi ni sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni moja kwenye mzingo wa nje, klorini ina saba. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Huyu anabaki na chaji chanya, yule hasi, na kuvutana kwao ndiyo bondi ya ioni. Ukigonga, safu inasogea, chanya inajikuta uso kwa uso na chanya, zinasukumana, bonge linapasuka. Kwenye aluminiamu elektroni za nje hazina mwenyewe. Zinazunguka katikati ya atomi zote, na safu zikiteleza bado zinazishika pamoja. Ndipo nikaielewa sufuria.

Na grafaiti? Kaboni ina elektroni nne za nje. Ndani ya almasi zote nne zimeshikana na majirani wanne. Ndani ya grafaiti zimefungwa tatu, ya nne iko huru, na hiyo ndiyo inayobeba umeme. Ile fimbo nyeusi katikati ya betri ya redio ya nyanya yako ni kaboni ya namna hiyo.

Novemba nilipata B+ ya kemia. Miezi ya katikati ilikuwa kusoma tu, sina la kusimulia.

Ninyi mnaotaka udaktari, uhandisi, ufamasia, na najua ndio mnaonisoma: acheni kukariri. Uliza elektroni iko wapi. Imehama? Ioni. Wawili wanaitumia pamoja? Kovalenti. Ni ya wote? Metali. Uliza hata mahali usipodhani pana swali. Maji yakichemka jikoni, bondi ya oksijeni na haidrojeni imekatika? Hapana, elektroni zile bado zinatumiwa pamoja, na mvuke ni maji yale yale. Kilichoachana ni molekuli na molekuli, yaani vikundi vya atomi zilizofungwa pamoja, ambazo zilishikana kwa mvuto hafifu zaidi. Kila muhula nasahihisha karatasi za watoto wenye akili wanaopoteza alama hapo hapo, na inaniuma, kwa sababu hawakukosa akili, walikosa kuuliza.

Binti wa Nakuru, nawe nakuachia lako. Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme. Itie kwenye maji, inapitisha. Sodiamu haijarudishiwa elektroni yake, na hakuna elektroni iliyo huru humo. Sasa ni nini kinachotembea? Niandikie jibu kwa maneno yako, daftari likiwa limefungwa.