Kabla hujaandika sindano ya testosteroni

Wadogo zangu wa intani, wiki hii nimefungua mafaili matatu ya wanaume waliotolewa damu saa tisa alasiri, kisha wakaambiwa homoni zao ziko chini. Jamani! Tumelisema hili mara ngapi?

1. Testosteroni, homoni ya kiume, hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Damu itoke kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla mgonjwa hajanywa chai. Majibu yakiwa chini, rudia siku nyingine. Soma na kizio: nanogramu 5 kwa mililita ni kama nanomoli 17 kwa lita.

2. Muulize kama bado anatafuta mtoto. Mimi sikuuliza. Mgonjwa wangu alikuwa dereva wa miaka 34, mchovu, hamu ya tendo la ndoa imepotea, kipimo kiko chini kweli. Nikamwandikia sindano kila wiki tatu. Baada ya miezi miwili alinishika mkono kwa nguvu: "Daktari, umenirudisha ujanani." Nilifurahi sana. Mwezi wa nane wa sindano akaja na mkewe. Mama yule alitoa karatasi ya maabara kwenye pochi, akaikunjua mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Daktari, hii sifuri ni ya nini?"

Ilikuwa hesabu ya mbegu. Nilijua jibu kabla hajamaliza. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH. Ndani ya korodani, LH huziambia seli za Leydig zitengeneze testosteroni, FSH huzihimiza seli za Sertoli zilee mbegu. Ubongo ukikuta damu imejaa homoni ya sindano, hunyamaza. Korodani, ambazo ndani yake testosteroni hutakiwa kuwa nyingi mara nyingi zaidi kuliko kwenye damu, hukauka. Na sikuwa nimepima LH. Ingekuwa chini, ningejua korodani huenda ni nzima, zinangoja kuamshwa, na hCG, homoni inayofanya kazi kama LH, ingeweza kuziamsha.

Tukasimamisha sindano. Miezi mitatu, sifuri. Miezi sita, sifuri. Mume akaanza kuja peke yake, ananiangalia viatu. Mwezi wa kumi tangu tusimamishe, maabara ikaandika mbegu chache, zinaogelea. Niliisoma karatasi ile mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikampigia simu mkewe.

3. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, simamisha dawa.

4. Kijana wa gym mwenye misuli iliyotuna na korodani zilizosinyaa, funga mlango, mkae, umuulize taratibu anajichoma sindano gani.