Jibu: Vitabu vya picha kwa mtoto wa darasa la pili, Uyole, Mbeya

Habari dada. Kwa hiyo madukani umekuta vya kiada tu, na mwanao anataka picha na mambo ya kweli, hasa volkano. Kwanza msikilize akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama kila mstari, shuka ngazi. Kisha fungua tovuti ya African Storybook: hadithi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi, ruksa kuchapa. Mimi huchapa steshenari, rangi jalada tu (rangi zote ni hela nyingi). Za sayansi zipo StoryWeaver, tovuti ya Pratham Books, India. Chuja kwa lugha kabla ya kupakua. Tafsiri nyingine ni ngumu, soma naye. Vya dukani, waulize wachapishaji Mkuki na Nyota, Dar. Volkano? Ziwa Ngozi lipo hapo jirani, mpandishe akaone kreta (shimo la volkano).