Nyatiti ikiwa mwenyeji, gitaa likiwa mgeni

Ndugu uliyeuliza iwapo kijana anaweza kuishi kwa kuchanganya nyatiti (ala ya Waluo yenye nyuzi nane), gitaa na tenzi bila kuliacha kanisa wala asili yake, ninakujibu nikiwa nimeifanya kazi hiyo hapa Kisumu kwa miaka kumi na minane. Inawezekana, mradi nyatiti ibaki kuwa mwenyeji.

Mimi nilianza kinyume. Nilipoalikwa ibadani mara ya kwanza, nilizikaza nyuzi zote nane hadi zikafuata kinanda cha umeme, kisha nikaivua pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alisema mlio wake unamkumbusha matanga. Fundi wa mitambo naye, aliposikia ule mvumo wa nyuzi, alidhani kipaza sauti kimeharibika, akaupunguza mpaka ikabaki sauti nyembamba isiyo na mwili. Waumini walipiga makofi. Tulipofika nyumbani, mama aliniuliza, "Mwanangu, kile ulichokuwa ukipiga leo kinaitwaje?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Tangu hapo nyuzi nazikaza kufuata koo langu, kama wazee wanavyofanya, na mpiga gitaa ndiye anayenifuata. Pete imerudi kidoleni, na kipaza sauti kimoja hukaa chini kabisa, pale pete inapogonga mti wa nyatiti, kwa maana hiyo ndiyo ngoma yetu.

Kuhusu imani, sikuona haja ya kuazima mtindo wa kusifu. Mpigaji wa nyatiti kazi yake ni kumtaja mtu kwa ukoo wake na matendo yake hadi ainuke alipoketi. Nyingi za Zaburi zimejengwa vivyo hivyo, na kinubi cha Daudi ni jamaa wa karibu wa nyatiti kuliko kinanda chochote cha umeme. Niliposema hayo mbele ya wazee wa kanisa, yule yule aliyeikataa pete aliomba nirudie wimbo.

Msikilize pia marehemu Ayub Ogada, mpiga nyatiti wa Kenya, katika En Mana Kuoyo, albamu iliyotoka mwaka 1993. Haikuwa kazi ya kanisa, lakini inafundisha namna ya kuifikisha nyatiti mbali bila kuizamisha.

Riziki yangu imetoka zaidi kwenye harusi, mikesha na shukrani za familia kuliko kwenye rekodi. Studio moja ilinisainisha karatasi ambayo sikuisoma, na nyimbo zangu sita za kwanza si zangu tena. Jambo hilo bado linaniuma, kwa hiyo nakusihi usome kila mstari.

Ukialikwa ibada ya saa nne, fika saa mbili. Mketishe fundi wa mitambo karibu nawe, umpigie wimbo mmoja mzima bila umeme, ausikie ule mvumo ukitoka kwenye chombo chenyewe kabla hajausikia kwenye spika.