Lambo la kuzuia mafuriko: utoro wa maji kwanza, bomba la inchi 6 halitakuokoa

Mkuu simamisha hiyo kazi ya lambo. Umeuliza kijiko (mashine ya kuchimbia) saa bei gani, nyasi gani za kupanda, sato waingie lini, mi nimesoma mpaka pale fundi kakwambia "tuta la mita 4 na bomba la inchi 6 yanatosha, spilwei tutaangalia mbele ya safari" nikaishia hapo. Spilwei ndo huo utoro wa maji, njia ya pembeni ya kutolea maji lambo likijaa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Kisongo, Arusha, na mbele ya safari nimefika, lambo nimelikuta shambani kwa jirani.

Kuna korongo linashusha maji toka milima ya Monduli, kila mvua linakula shamba, nikasema nizibe, mafuriko yageuke maji ya ng'ombe. Nikapata mwenye kijiko anajiita injinia, helmeti anayo, cheti sijakiona mpaka leo. Nikamuuliza likijaa je? Akacheka, "mzee hili halijai miaka mitano."

Ikaja vuli ya El Niño 2023. Likajaa usiku mmoja. Saa kumi alfajiri niko na tochi, bomba linatoa maji kama mzee anakojoa, huku juu maji yametafuta pale tuta lilipotitia yakaanza kupita, upana wa kiganja tu, na mi bwege nikajipa moyo kwamba afadhali yanapungua. Tuta la udongo sio zege ndugu yangu, maji yakishapita juu yanakwangua mgongo wa nyuma, kimfereji kikawa mtaro, mtaro ukawa geti, hata saa moja haikuisha hamna lambo. Maharage ya jirani, uzio, mbuzi watatu, nimelipa mimi. Yule wa kijiko hapatikani, nasikia anachimba lambo la watu Simanjiro huko, Mungu awasimamie.

Na hesabu yenyewe ya darasa la saba! Mvua ya milimita 50 ikipiga kilomita mraba 1 ni mita za ujazo (kyubiki) 50,000. Ardhi ikinywa hata theluthi mbili, zinakushukia 16,000 na ushee. Langu lilibeba 6,000. Zingine zipite wapi, kwenye kibomba?

Kwa hiyo utoro wa maji KWANZA, tuta baadaye. Uwe pembeni, kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa, sio juu ya udongo uliomwaga mwenyewe, mpana kuliko kina, uoteshwe ukoka, sakafu yake iwe chini kuliko kilele cha tuta kwa kama mita 1, na maji yake yarudi korongoni mbali na kitako cha tuta. Upana akupigie injinia aliyesomea mabwawa. Kibali cha ofisi ya bonde la maji usiruke, sheria ipo tangu 2009, mi niliruka ndo maana hata pa kwenda kulalamika sikuwa napo.

Udongo nao ushindiliwe tabaka la sentimita 15 hadi 20 ukiwa na unyevu, sio kijiko kupita juu mara mbili halafu selfie.

Kijiko kishafika saiti? Kama hakijashusha ndoo piga simu saa hizi.