Tangi la mtumba: lifungue kabla hujatoa hela

Wewe unayetaka kuanza kusafisha filamu nyumbani, usiogope tangi la mtumba, kile chombo kisichopitisha mwanga ambamo filamu hutiwa dawa. Langu, la kampuni ya Paterson, nililipata Ngamiani, hapa Tanga, limelala kati ya chupa za chai na hotipoti. Muuzaji mwenyewe alidhani ni la kuchujia juisi. Bei tukaelewana haraka. Kosa langu ni kuondoka nalo bila kulifungua.

Ndani halikuwa na bomba la katikati, ule mrija mweusi unaopita kwenye rili, gurudumu linalozungushiwa filamu. Nikajiambia, si wa kushikilia rili tu? Filamu ya harusi ya binamu yangu ikatoka nyeusi tii mwanzo mpaka mwisho. Kumbe mrija huo, ukishikana na faneli ya juu, ndio unaozuia mwanga huku dawa ikipita. Bila huo umenunua ndoo. Binamu hadi leo ananikumbusha.

Kifuniko kikivuja kidogo si neno, vaa glavu. Tangi lenye ufa mwachie mwenyewe.

Sasa rili, maana kwa joto na unyevu wa huku Tanga, hapo ndipo penye kazi. Rili ya plastiki ina gololi ndogo ya chuma kila upande, pale filamu inapoingilia. Itikise karibu na sikio: gololi zicheze. Zikiwa kimya zimenata kwa mabaki ya dawa. Loweka rili kwenye maji ya vuguvugu, sugua mifereji yake kwa mswaki mkuukuu, suuza sana, kisha iache ikauke usiku kucha. Kavu kabisa, si kavu ya kupangusa na khanga.

Mara ya kwanza niliingiza filamu mchana wa Februari, mikono ndani ya mfuko wa giza, ule usiopitisha mwanga. Filamu ya picha 36 ina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Ilipofika kati ikagoma, jasho likitiririka mpaka viganjani. Nikasukuma kwa nguvu. Picha saba zikapata vialama mfano wa mwezi mwandamo, palipokunjika. Siku hizi ikigoma natumbukiza kila kitu ndani ya tangi, nafunga faneli, natoa mikono, nakwenda kunawa na kukaa mbele ya feni. Kazi yenyewe naifanya baada ya isha, na pembe mbili za ncha ya filamu nazikata kidogo ziteleze. Anza na filamu iliyoharibika, mwangani kwanza, halafu macho umefumba.

Rili za chuma, kama Nikor au Hewes, hazisumbuliwi sana na unyevu, lakini ikianguka mara moja tu inapinda. Itazame kwa ubavu: nafasi kati ya waya zilingane. Zisipolingana, filamu itajigusa, dawa haitapita hapo, utabaki na baka katikati ya uso wa mtu. Usidanganywe kwamba itanyooshwa kwa koleo.

Dawa nyingi za filamu nyeusi na nyeupe zimepangiwa nyuzi 20, na maji ya bomba langu mchana hufika 29. Gandisha chupa ya maji, iweke kwenye beseni pamoja na chupa za dawa, kipimajoto kiwe karibu. Kiasi cha dawa kimeandikwa chini ya tangi: langu ni mililita 290 kwa filamu moja ya milimita 35. Ukipunguza, ukingo wa juu wa picha utakosa dawa.