Deni la Nyumba Kubaki Mikononi mwa Benki: Ni Heri au ni Kifungo?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi na ninaishi Hamburg. Mwaka 2021 nilinunua fleti kwa mkopo wa benki, na riba yake imefungwa kwa miaka 15. Makato ya kila mwezi, barua, hata simu ninapochelewa kulipa, vyote hushughulikiwa na benki hiyo hiyo. Dada yangu aliyeko Marekani ananishangaa, kwa kuwa mkopo wa nyumba yake umekwisha kuhamishiwa kampuni nyingine mara mbili. Je, utaratibu wa huku una nafuu, au nimebanwa? – Msomaji, Hamburg

JIBU: Tofauti hiyo haitokani na ukarimu wa mabenki ya Ulaya. Chanzo chake ni mahali deni linapokaa baada ya mkopo kutolewa. Marekani mikopo mingi ya nyumba huuzwa mapema, na haki ya kukusanya marejesho kwa ujira ni mali inayoweza kuuzwa peke yake. Ujerumani, benki kwa kawaida hubaki na mkopo katika mizania yake, na fedha za kukopesha huzipata kwenye amana za wateja na kwa kuuza Pfandbrief, hatifungani ambayo asili yake ni Prussia mwaka 1769. Mwenye Pfandbrief huidai benki yenyewe, na benki ikifilisika ana haki ya kutangulia wadai wengine juu ya mikopo iliyotengwa kuwa dhamana yake. Hasara ya deni lako, basi, ni ya benki, ndiyo maana haina haraka ya kumwachia mtu mwingine kazi ya kukufuatilia. Hata hivyo Ulaya si moja: Uholanzi wakopeshaji wengi hukabidhi kazi hiyo kwa kampuni maalumu kama Stater.

Ukaribu huo una faida, na una makali yake. Tuseme makato ya mwezi huu yamerudishwa kwa kukosa salio. Ikiwa mshahara wako nao hupitia benki hiyo, huenda imekwisha kuona kwamba umepungua kabla hujapiga simu. Na ukiomba kulipa riba pekee kwa miezi kadhaa, ombi lako litaamuliwa na taasisi ile ile inayokudai, ilhali wakala wa nje hana budi kubaki ndani ya mipaka aliyowekewa na mwenye deni. Lakini taasisi hiyo hiyo pia ni mfanyabiashara. Ukiomba nafuu ukapewa pendekezo la mkopo mwingine, usitie saini siku hiyo.

Kwa maoni yangu, kinachokulinda zaidi ni sheria. Kifungu cha 498 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani hakiiruhusu benki kuvunja mkataba wa mkopo wa nyumba kwa sababu ya kuchelewa kulipa, isipokuwa umeshindwa kulipa, chote au sehemu, angalau marejesho mawili yanayofuatana, malimbikizo yamefikia asilimia 2.5 ya kiasi cha mkopo, na umepewa wiki mbili za kulipa bila mafanikio. Mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama, nayo huuzwa hata Ulaya, ila Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2021/2167, ambayo nchi wanachama zilitakiwa kuanza kuyatumia mwishoni mwa 2023, yanataka kampuni zinazoisimamia kwa niaba ya wanunuzi ziwe na leseni, na mkopaji ajulishwe.

Kuhusu kubanwa: ingawa riba imefungwa kwa miaka 15, kifungu cha 489 kinakupa haki ya kuvunja mkataba miaka 10 baada ya kupokea mkopo wote, kwa notisi ya miezi sita na bila kulipa fidia. Kwako mlango huo utafunguka 2031. Anza kukusanya ofa za mabenki mengine mwaka mmoja kabla, na uziombe kwa maandishi.